Sentimita Nne Pungufu

Nilikuwa nimemzungushia futi kiunoni, penseli mdomoni, daftari la vipimo limefunuliwa juu ya cherehani. Binti yangu alisimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilipoikutanisha ncha ya futi na namba yake, nikagundua amezuia pumzi.

"Pumua," nikamwambia.

Akapumua. Futi ikasogea. Akaitazama namba, hakunitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayechagua rangi ya vifungo: "Andika pungufu nne."

"Nne za nini?"

"Sentimita. Mpaka siku ya kulivaa gauni nitakuwa nimepungua."

Ana miaka 13.

Nilicheka. Halafu nikaandika kama alivyosema, na usiku uleule nikakata.

Anayeshona ameshaelewa nilichofanya. Kitambaa kilichokatwa kikubwa husameheka: unabana hapa, unapunguza pale, mambo yanakwisha. Kilichokatwa kidogo kina shida. Unaweza kukiachia ikiwa ulibakiza ziada ndani ya mshono, lakini mimi sikubakiza kitu, kwa sababu mteja wangu alizungumza kwa uhakika mno. Tena nguo ya mtoto anayekua huachiwa nafasi, haikatwi pungufu. Hilo nililijua kabla hata huyu mtoto hajazaliwa.

Vile vipande vikakaa kwenye mfuko chini ya meza kwa wiki tatu. Kila nilipokaa kushona, mguu wangu uliugusa mfuko, nami nikaendelea kushona kitu kingine.

(Namba ya kiuno chake sitaitaja, wala kilo. Zilikuwamo kwenye rasimu. Aliisoma kabla sijachapisha, akafuta aya mbili nzima, na haki ni yake.)

## Simu ilikuwa karibu

Wa kwanza kushtakiwa alikuwa simu. Ni mshtakiwa mzuri. Yupo nyumbani muda wote, na hajitetei.

Na ushahidi dhidi yake haukosekani. Mwaka 1995 televisheni ilifika Nadroga, huko Fiji, mahali ambapo mwili uliojaa ulikuwa ukisifiwa tangu zamani. Mtafiti wa Marekani, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa shule maswali kuhusu kula na mwili mwaka huohuo, kisha akarudi kuuliza tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakukuwa na hata mmoja aliyesema anajitapisha ili asinenepe. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Miaka mitatu tu. Na ile ilikuwa televisheni, kitu ambacho hutazamwa na watu wengi chumba kimoja na hakimfuati mtu mpaka kitandani.

Mwaka 2021 gazeti la The Wall Street Journal likachapisha habari za nyaraka za ndani za Facebook, zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wao. Humo watafiti wa kampuni yenyewe waliandika kwamba Instagram inamzidishia msichana mmoja kati ya watatu tatizo la namna anavyouona mwili wake. Kampuni ikajitetea: matokeo yale yalihusu wasichana waliokuwa tayari na tatizo hilo. Ukiutafakari utetezi huo kwa dakika moja, unabaki mdomo wazi.

Basi nikajiandaa. Nilikuwa na hotuba. Ningemweleza kuhusu picha zilizochezewa, viuno vilivyobanwa kwa kidole kwenye kioo cha simu, ngozi isiyo na hata kitundu. Ningemwambia kwamba nchini Norway, tangu 2022, tangazo lenye mwili uliobadilishwa kwa kompyuta lazima libebe alama ya kusema hivyo. Nilidhani habari ya Norway ingemgusa.

Alinisikiliza kwa subira, kama unavyomsikiliza mtu anayekuelekeza njia unayoijua.

"Mama, najua ni filta. Kila mtu anajua."

Kimya.

"Na kujua hakusaidii chochote," akaongeza.

Nikataka kuendelea na Fiji. Akanikatiza, kwa adabu:

"Kwani hilo la kukata pungufu nimeliona kwenye simu? Si ndivyo ulivyokata lako?"

## Lile la kijani

Nyuma kabisa ya kabati langu kuna gauni la kijani. Limemalizika, si kwamba liliachwa njiani. Zipu ipo, pindo nimelishona kwa mkono, ndani lina bitana. Nililikata miaka tisa iliyopita kwa vipimo vya mtu ambaye ningekuwa baada ya miezi michache.

Mtu huyo hakuja.

Kila ninapopanga kabati nalitoa, najiwekea kifuani mbele ya kioo, nalirudisha. Sijawahi kulifunga zipu hata siku moja. Sikuwa nalificha, ila pia sikujua kama kuna mtu analiona.

Wakati nalikata, binti yangu alikuwa na miaka minne. Alikuwa chini ya meza akiokota vipande na kumvika mwanasesere. Dada yangu alikuwa amekuja kututembelea, akashangaa udogo wa kiuno, nami nikamjibu (mimi sikumbuki, mtoto anakumbuka neno kwa neno): "Makusudi. Litanisukuma nipungue."

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimehangaika mpaka Fiji.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najisifu. Sijawahi kumwambia mwanangu amenenepa. Hata mara moja. Nililelewa kwenye maneno hayo, mara "umefura", mara "umebaki mifupa", yote yakisemwa kwa upendo na mbele ya wageni, nikaapa kwamba kwangu hayatasikika. Na kweli hayakusikika juu ya mwili wake. Yote aliyoyasikia yalikuwa juu ya mwili wangu. Nikishika tumbo mbele ya kioo. Nikimjibu mtu aliyenisifu gauni, "Ah, linanificha tu." Nikikataa kupigwa picha, au nikijisogeza nyuma ya wengine ili kitokee kichwa peke yake.

Nilidhani mwili wangu ni shauri langu. Lakini kwa mtoto wa kike mwili wa mama si mwili wa mtu mwingine tu. Ni habari za siku zake za mbele. Miaka yote watu wamekuwa wakimwambia, "Wewe ni mama yako mtupu." Akachukua sifa hiyo, akaiweka pamoja na yale anayomsikia mama yake akijisemea, akapata jibu lake.

## Tulizungumza damu, hatukuzungumza nyonga

Mazungumzo ya balehe tulishayafanya. Nilijitahidi, nadhani. Nilimweleza hedhi kabla haijamkuta, jinsi ya kujisitiri, jinsi ya kuhesabu siku, la kufanya tumbo likiuma shuleni. Nikayamaliza, nikajiona mama wa kisasa.

Nyonga sikuzitaja. Wala mapaja, wala ule mduara unaokuja tumboni kwa muda, kabla urefu haujafika kuugawa.

Balehe ya msichana huanza wakati wowote kati ya miaka 8 na 13, kwa kawaida kwa matiti kuchomoza. Kuvunja ungo huja baadaye sana, miaka miwili au miwili na nusu baada ya hapo kwa walio wengi. Katikati ya hayo mawili ndipo mwili unapofanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote tangu utotoni. Urefu unakwenda mbio, unaweza kufika sentimita 8 kwa mwaka mmoja. Mifupa ya nyonga inapanuka, na upana huo haupungui kwa mazoezi wala kujinyima. Na mafuta yanaongezeka, kwa sababu homoni ya estrojeni inayatuma kwenye mapaja, nyonga na matiti. Mvulana wa umri huohuo anaongeza zaidi misuli, na hakuna anayemuuliza kulikoni.

Mafuta hayo si mzigo uliosahaulika njiani. Mwaka 1994 wanasayansi walitambua homoni ya leptini, ambayo hutengenezwa na chembe za mafuta zenyewe. Inapeleka habari kwenye ubongo: akiba ipo. Akiba ikipungua mno, ubongo unafunga kwanza kile unachoona kinaweza kusubiri, na hedhi ni mojawapo. Ndiyo maana msichana anayejinyima sana hukosa siku zake, na kwa vile estrojeni nayo inashuka, mifupa inaanza kulipa. Wakati huohuo hii ndiyo miaka ya kuijenga: msichana akifika miaka 18 anakuwa ameshaweka karibu asilimia 90 ya mifupa yote atakayowahi kuwa nayo. Hakuna mtu anayelifikiria hilo akiwa darasani. Mimi nalifikiria sasa, goti likilia ninapopanda ngazi.

Haya yote ningeweza kumwambia kwa dakika kumi. Sikumwambia, kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi, na kwa sababu nikizungumza nyonga ilikuwa lazima nizungumze na zangu.

Matokeo yake, damu aliipokea kama habari. Nyonga akazipokea kama kosa.

Na kosa lina mashahidi darasani. Katika chumba kimoja cha watoto wa miaka 13 yupo ambaye mwili ulianza kubadilika akiwa na 8, na yupo ambaye ndiyo kwanza unaanza. Wote wawili ni wa kawaida. Wanakaa dawati moja, wanapiga picha moja, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye kipimo. Yule mwembamba, nimekuja kujua, naye analia kwao kwamba hana umbo.

## Kidoti na mstari

Siku mbili baada ya maneno ya gauni la kijani, nilifanya jambo la kijinga jingine. Nilifungua mtandaoni kikokotoo cha BMI, kipimo cha uzito kulingana na urefu, nikaingiza urefu na kilo za mwanangu. Hakikuniuliza umri.

Hicho kipimo kina historia ambayo ingefaa iandikwe pembeni ya kila kikokotoo. Kanuni yake, kilo ukigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ilitokana na Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mtaalamu wa nyota na takwimu. Hakuwa daktari. Alikuwa akimtafuta "mtu wa wastani", na kitabu chake cha mwaka 1835 kinahusu hilo. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972, pale Ancel Keys wa Marekani na wenzake walipolinganisha vipimo mbalimbali kwa kutumia miili ya maelfu ya watu wazima. Wanaume watupu.

Mtoto wangu hayumo humo. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lina majedwali yake ya umri wa miaka 5 hadi 19, ya mwaka 2007, yanayotenganisha wasichana na wavulana, mwezi kwa mwezi. Tofauti si ndogo. Msichana wa miaka 12 aliye katikati kabisa ya jedwali ana BMI ya takriban 18. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 huitwa uzito pungufu. Kwa maana hiyo kikokotoo kisichouliza umri kingemwambia msichana wa kawaida kabisa kwamba amekonda mno. Na kinakosea upande wa pili vilevile: 22 kwa mtu mzima haina neno, lakini kwa huyohuyo wa miaka 12 imeshapita mpaka wa uzito uliozidi.

Nikaona nimpeleke kliniki. Nilimwambia ni kwa ajili ya kupima damu, kwani wasichana wanaopata hedhi huweza kupungukiwa na madini ya chuma, na hilo si uongo, ila halikuwa sababu yangu. Alijua. Alibeba kitabu cha kusoma, ishara kwamba hana nia ya kuzungumza nami njiani.

Nesi alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Kabla ya mizani alimuuliza binti yangu, si mimi: "Unataka kuijua namba?"

"Hapana."

"Basi simama kwa kuipa mgongo."

Akasimama hivyo. Namba ikawaka. Nami nikanyoosha shingo.

Nesi aliniona. Hakusema kitu, alisogea tu nusu hatua, akaifunika kwa mwili wake.

Baadaye akachukua kadi za zamani nilizokuwa nimebeba, akaweka vidoti kwenye grafu, kimoja kimoja kwa miaka, akaviunganisha kwa rula. Ulitokea mstari uliopinda taratibu kwenda juu, ukifuatana na mistari iliyochapishwa, juu kidogo ya ule wa katikati. Hivyo alivyokuwa akiwa na miaka mitano ndivyo alivyo leo.

"Kidoti kimoja hakinisemeshi," akasema. "Mimi natazama mstari. Huyu hajaacha njia yake."

Mwanangu aliinua macho kutoka kwenye kitabu kwa mara ya kwanza.

## Na kama ungekuwa umepanda?

Hapa ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu makala hii imechelewa.

Ni rahisi kuandika kwa upole pale grafu inapokupa haki. Lakini je, kama mstari ungekuwa umeruka juu? Siafikiani na wanaosema uzito hauna habari yoyote ya kutupa. Mwaka 2022, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito walikuwa zaidi ya milioni 390 duniani, na kati yao milioni 160 wana unene uliokithiri. Kisukari cha aina ya pili, ambacho zamani kilihesabiwa kuwa cha watu wazima, sasa kinawapata watoto. Presha, mafuta kwenye ini, magoti, usingizi unaokatika kwa kukosa pumzi: haya hayaponi kwa mtoto kuambiwa ajipende.

Najijua. Kama nesi angeniambia mstari umepanda, jioni ileile ningemwekea dayati. Sahani yake ingekuwa ndogo na ya wengine ileile. Ningeita hilo kumsaidia.

Na ningekuwa nimekosea hata kwa kipimo nilichokuwa nakitaka. Dianne Neumark-Sztainer wa Chuo Kikuu cha Minnesota alifuatilia vijana kwa miaka mitano, akakuta kwamba waliokuwa wakijinyima ili wapungue ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kuwa wamezidi uzito mwishoni. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba wasichana waliojinyima vikali walikuwa na uwezekano mara 18 zaidi ya wasiojinyima wa kupata, ndani ya miezi sita, ugonjwa wa akili unaovuruga ulaji. Mara kumi na nane. Niliisoma mara ya pili nikidhani nukta imepotea.

Nikamuuliza nesi, binti yangu alipokwenda kutolewa damu: ungeniambia nini kama umepanda?

Akanijibu kwamba kwanza angeuliza maswali. Amelala vipi? Kuna dawa anatumia? Kuna jambo limetokea nyumbani au shuleni? Mstari unaoruka ghafla ni swali, na unaoporomoka ni swali lilelile, ila wazazi huleta mmoja na kushangilia mwingine. Halafu angeniambia yale ambayo angemwambia kila mtu. Mle pamoja, chakula kimoja, watu wote wa nyumba. Vinywaji vya sukari viwe vichache kwa wote, si kwa mmoja. Mwili uchangamke saa moja kwa siku, kwa kitu anachokipenda, si adhabu ya alichokula. Usiku alale kwa muda wa saa nane mpaka kumi. Na maneno ya uzito yasiwepo mezani, uwe wake au wa mtu mwingine. Baadaye nilikuta madaktari wa watoto wa Marekani waliandika karibu mambo hayohayo katika mwongozo wao wa mwaka 2016.

Nikaudhika kidogo, nakiri. Nilitaka ushauri wa unene na ushauri wa wembamba viwe mbalimbali, nijue nimeangukia upande gani.

## Wanaume 36

Ancel Keys, huyuhuyu wa BMI, alikuwa na kazi nyingine kabla, na ningependa ijulikane zaidi kuliko ile kanuni. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1944, alichukua vijana 36 wa kiume, wenye afya, waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa miezi sita hadi takriban kalori 1,600 kwa siku. Lengo lilikuwa kujua jinsi ya kuwarudisha watu walioathiriwa na njaa ya vita. Walipungua karibu robo ya uzito.

Kilichowapata vichwani ndicho kilichonikaa. Walianza kuota chakula. Wakasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Wakalamba sahani. Wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga, hamu ya mambo mengine ikafa. Na waliporuhusiwa kula, baadhi yao hawakuweza kuacha. Walikuwa watu wazima waliochaguliwa kwa uimara wao. Kuna ratiba za kupungua zinazozunguka mtandaoni, zikiwalenga wasichana, zenye kalori pungufu kuliko hizo.

Nilianza kuhesabu. Asubuhi ngapi alikuwa ameniambia, "Nitakula nikifika"? Mara ngapi hasira zake nilizibandika jina la ujana? Nilimuuliza bila hotuba safari hii. Akasema wiki tano. Asubuhi tu, na mchana mara mojamoja. Jioni alikuwa akila sana, kisha akijichukia, kisha asubuhi anaanza upya.

Tulirudi kwa nesi, akatuunganisha na mshauri. Walimuuliza kama hedhi imewahi kukatika miezi mitatu, kama anahisi baridi wakati wengine hawahisi, kama huona kizunguzungu akisimama, kama huenda chooni mara baada ya kula, kama anahesabu chakula mpaka hesabu zingine hazimwingii. Majibu mengi yalikuwa hapana. Nilikaa pale nikishukuru kila hapana, huku nikijua kwamba ni wiki tano, si miezi mitano, na kwamba kilichozifupisha ni gauni. Anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Pia haina sura moja: wapo wanaougua wakiwa na miili ambayo sisi wengine tunaisifu, na sifa zetu zinawaongezea ugonjwa.

Sijui kama alikuwa kwenye njia hiyo. Sitajua, na nimeridhika nisijue.

## Mifuko

Kitambaa kilekile hakikupatikana tena. Nilichukua kingine cha rangi inayokaribiana, nikakata mapande mawili marefu ya ubavuni, toka kwapani hadi pindo. Ukilitazama linaonekana kama mtindo. Dada yangu ameuliza nimeutoa wapi.

Tulipima upya. Nilimpa daftari aandike mwenyewe. Sikuchungulia kama alizuia pumzi, kwa sababu muda wote alikuwa akinisemesha kuhusu mifuko: anataka mifuko miwili, mirefu, ya kuingia simu nzima na mkono, na kwa nini nguo za wasichana hazina mifuko, na kama zinayo kwa nini ni ya uongo. Nimeacha kitambaa cha ziada kila upande. Kingi. Atakuwa bado anakua.

Kuna siku anakula asubuhi, kuna siku anazungusha kijiko. Mimi nimejikamata mara mbili wiki hii mbele ya kioo, mkono ukiwa tayari tumboni. Mara ya pili alikuwa mlangoni. Nikajifanya natafuta kifungo.

Jana nilimaliza mfuko wa pili. Alilivaa, akatumbukiza mikono, akatembea nayo humo mpaka kwenye kabati langu, akalifungua bila kuniomba ruhusa.

"Na lako utalifumua lini?"

"Wiki ijayo."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita."